Dawa za sukari: tuambiwe kwa Kiswahili

Mhariri, naomba nafasi kidogo kuhusu hii ishu ya usalama wa dawa za sukari, maana huku Tanga, hasa Ngamiani, watu washaanza kuacha vidonge kimyakimya kisa wamesikia vina madhara.

Wasiwasi wenyewe si wa kuzusha. Mwaka 2010 Ulaya walisimamisha dawa ya sukari iitwayo rosiglitazoni kwa hofu ya madhara kwenye moyo, na 2020 kule Marekani baadhi ya vidonge vya sukari vya metformini, vile vya kuyeyuka taratibu, viliondolewa sokoni sababu ya uchafu wa NDMA, kemikali inayohofiwa kuleta saratani, lakini ilikuwa ni vya kampuni kadhaa tu sio metformini yote, na hiki kipande cha pili ndo huwa hakifiki mtaani. Hata glibenklamidi, nayo ni dawa ya sukari, Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60, kwa sababu inaweza kushusha sukari mpaka mtu azimie, sasa mzee wa Makorora atajuaje wakati dukani anapewa vidonge kwenye kibahasha kimeandikwa 1x2 basi, na akibahatika kupata boksi zima karatasi ya ndani ni Kiingereza kitupu, maandishi kama sisimizi.

Mi naona TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, wawabane wenye maduka, jina la dawa na namba ya toleo viandikwe kwenye bahasha, na dawa ikiondolewa sokoni tangazo lisomwe redioni kwa Kiswahili. Na wagonjwa wenzangu msiache dawa ghafla jamani, nendeni kliniki mkaulize, kuna kubadilishiwa.

Msomaji wenu,
Makorora, Tanga