Wifi, mwili hauzoei kukosa pumzi

Wifi yangu,

Najua ukiona jina langu kwenye simu unaigeuza kifudifudi, ndiyo maana nakuandikia hapa mbele za watu. Watakaosoma na wasome. Wapo wengine wenye vichupa vya dawa ya kupunguza uzito kwenye friji.

Sina ugomvi na kupungua kwako. Umependeza, na nilikwambia hivyo hata siku ile uliponikatia simu. Kilichonikaa kooni ni ule usiku wa video. Umeegemea mito mitatu, unatoa maneno manne, unavuta pumzi, unatoa mengine manne. Nikakuuliza imeanza lini. Ukasema, "Mwili unazoea dawa." Halafu ukaniinulia bomba la sindano ulilokwisha kulijaza kwa ajili ya kesho yake, unanionyesha kwa fahari, na mpira mweusi wa ndani umesimama kwenye mstari wa 25.

Mwili huzoea kichefuchefu, wifi. Huzoea kukosa hamu, choo kigumu, kucheua. Kukosa pumzi hakumo kwenye orodha ya mambo ya kuvumilia. Semaglutidi, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Ozempic na Wegovy, huchelewesha tumbo kumwaga chakula na kuuambia ubongo umeshiba. Kwenye maelezo ya Wegovy, kupumua kwa shida kunatajwa pale mgonjwa anapoambiwa amtafute daktari: kwenye mzio mkali, na kwenye uvimbe wa shingo unaoambatana na sauti kukauka au kumeza kwa taabu. Hakuna mahali imeandikwa "kutaisha wenyewe".

Wewe ukanijibu umesoma kwamba dawa hizi zinatibu kupumua. Ulichosoma ni habari ya tirzepatidi. Desemba 2024 Marekani iliikubali, kwa jina la Zepbound, kwa watu wazima wanene ambao koo lao huziba usingizini. Hiyo ni dawa nyingine, na nafuu yake huja polepole kwa miezi kadri uzito unavyoshuka. Haina uhusiano na mtu anayehema akiwa ameketi.

Ungenisikiliza dakika tano tu ningekuuliza kwanza muda. Pumzi ikibana ndani ya dakika au saa chache baada ya sindano, pamoja na upele unaowasha, midomo au ulimi kuvimba, kifua kupiga filimbi, huo ni mzio mpaka daktari aseme vinginevyo. Dawa yake ni adrenalini, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Vidonge vya mafua na vya muwasho havifungui koo. Mgonjwa alazwe na miguu iinuliwe, au kama pumzi inamshinda akae miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Asisimamishwe, asitembezwe hata kwenda garini, maana shinikizo la damu huweza kuanguka ghafla. Na asidhani amepona kwa sababu sindano tatu za mwanzo zilipita salama.

Yako haikuwa hiyo. Yako ilikuja siku ya pili na ya tatu, wakati dawa iko kileleni kwenye damu, baada ya kutapika usiku kucha. Uliniambia mwenyewe uliamka ukikohoa na koo chungu. Chakula kilikuwa bado kimekaa tumboni, wewe umelala chali, kikapanda, na pengine kidogo kikaingia njia ya hewa. Hiyo huchoma mapafu na kuleta nimonia. Dalili zake ni kikohozi, homa, na kuhema kunakozidi saa kwa saa. Mito mitatu haikuwa tiba. Kilichohitajika ni kusikilizwa kifua na kupigwa picha.

Tena ulikuwa mkavu. Mtu anayetapika na kuharisha bila kunywa hupoteza maji na potasiamu; moyo hukimbia, misuli hulegea, na hata kupanda ngazi huwa kama kubeba gunia. Dawa yenyewe huongeza mapigo ya moyo kidogo, kwa hiyo ukijumlisha na ukavu unasikia moyo masikioni. Mkojo wa rangi ya chai, au kutokojoa kutwa nzima, ni onyo la figo. Kunywa kidogo kidogo, vijiko viwili vitatu kila baada ya dakika chache, maji yenye chumvi na sukari za kuongeza maji mwilini. Ukipiga glasi nzima kwa mkupuo, tumbo lililolala litairudisha yote.

Maumivu makali juu ya kitovu yanayochoma hadi mgongoni ni ya kongosho, na kongosho lililovimba humfanya mtu apumue juu juu kwa sababu kila pumzi inauma. Shavu moja la mguu likivimba na kuuma, kisha kifua kikabana ghafla, hilo ni bonge la damu mpaka lithibitishwe vinginevyo, na mtu mkavu aliyelala kitandani siku tano ana hatari zaidi ya kulipata. Mwenye kisukari aliyepunguza insulini, au anayemeza vidonge vya kisukari vya dapagliflozini au empagliflozini huku hali chakula, anaweza kujaa asidi kwenye damu na kupumua kwa kina na haraka kama aliyetoka mbioni. Huyo sukari yake inaweza kusoma karibu na kawaida, ndiyo maana hupimwa ketoni, yaani asidi hiyo yenyewe. Wenye pumu na wenye moyo mbovu nao wasiisingizie sindano kila kitu. Ugonjwa wao wa zamani hauendi likizo.

Basi hesabu. Keti, tulia, mtu mwingine akuhesabie pumzi dakika nzima bila kukwambia. Kawaida ni 12 hadi 20. Ukifika 25 umekaa tu, toka nyumbani. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni: mkono uwe na joto, ukucha usiwe na rangi, usitikisike, subiri namba itulie. Chini ya asilimia 92, nenda. Lakini 94 nayo isikupe usingizi kama unahema, kwa sababu vifaa vile vinaweza kusoma juu kuliko ukweli kwenye ngozi nyeusi kama zetu. Na kipimo kisichohitaji kifaa: asiyeweza kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja haulizwi namba. Wewe hukuweza. Na kaka yangu anakoroma pembeni yako!

Sasa mstari wa 25. Umewaambia watu kwamba mimi ndiye niliyekupa kipimo. Nilichosema ni miligramu 0.25, mara moja kwa wiki, wiki nne. Kisha 0.5 wiki nne, kisha 1, kisha 1.7, na 2.4 kuanzia wiki ya 17, na kama tumbo linagoma unabaki ulipo. Miligramu, wifi. Mistari ya bomba la insulini inahesabu yuniti, na yuniti 100 ni mililita 1 ya maji, iwe na dawa nyingi ndani yake au haina kabisa. Kichupa chako kilikuwa cha unga wa miligramu 10. Ukikitia maji mililita 2, kila mililita ina miligramu 5, kwa hiyo 0.25 ni yuniti 5, tone tu. Yuniti 25 ni miligramu 1.25. Mara tano. Mtu anayefuata ngazi haigusi hata 1 kabla ya wiki ya 9.

Na haitoki haraka. Semaglutidi hupungua nusu kwa kila wiki moja hivi. Siku ya saba ulikuwa bado na kama 0.6 mwilini, ukaongeza 1.25 nyingine juu yake, kesho yake tu baada ya ule usiku nilipokusihi uache. Hakuna kidonge cha kuifuta. Hospitali wanakutunza tu mpaka ipungue. Mwaka 2024 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu vichupa vya semaglutidi inayochanganywa na wafamasia nje ya kiwanda, kwa sababu ya kosa hilihili: watu kujidunga mara tano hadi ishirini ya kipimo. Kwa hiyo hukuwa mjinga. Ulikuwa mbishi.

Ningeweza kukuuliza umetia maji kiasi gani. Ningeweza kukwambia bomba la mililita 1 mara nyingi lina mstari kila yuniti mbili, kwa hiyo yuniti 5 zinaangukia katikati na jicho linakosea; chukua la mililita 0.3. Sikusema. Lakini nilikwambia kalamu ya kiwandani ni salama kuliko kichupa, ukaniambia naona wivu.

Nimesikia umepangiwa operesheni ya mawe ya nyongo. Kupungua kwa kasi huyaleta, na dawa yenyewe pia. Usimfiche wa nusukaputi. Tumbo linaweza kuwa na chakula hata kama umefunga tangu jana, na ukilala usingizi ule chakula kinaweza kwenda mapafuni. Onyo hilo liliongezwa kwenye maelezo ya dawa Novemba 2024. Anaweza kukupa vinywaji vyepesi tu kwa saa 24 kabla, kukupima tumbo kwa altrasaundi, au kuahirisha. Usijiamulie mwenyewe kuruka wiki moja ukadhani umesafisha. Na ukikaa zaidi ya wiki mbili bila kujidunga, usirudie pale ulipoachia. Muulize daktari kwanza, anaweza kukuanzisha upya chini.

Mpelekee kichupa, usikitupe, na bomba lenyewe. Atakuuliza tarehe ya sindano ya mwisho na kiasi chake. Hapo ndipo litakuja lile swali ambalo mimi sikukuuliza: kwenye ule unga ulitia maji mililita 2 au 1? Kama ni 1, ile 25 ilikuwa 2.5. Mimi usinijibu. Mjibu yeye.