Malalamiko kuhusu vidonge vya presha vilivyouzwa bila mgonjwa kuelezwa madhara yake

Morogoro,
11 Machi 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Uingizaji na Usambazaji wa Dawa,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Yah: Malalamiko kuhusu madhara ya vidonge vya enalapril vya miligramu 10

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninawaandikia kwa niaba ya mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 58, ambaye kuanzia Mei hadi Novemba 2024 alimeza kila asubuhi vidonge vya enalapril vinavyoingizwa nchini na kusambazwa na kampuni yenu. Nianze kwa kusema kwamba sidai kuwa vidonge hivyo ni feki au vimeharibika, kwa sababu presha yake, iliyokuwa 172/104 siku aliyogunduliwa, ilishuka vizuri ndani ya mwezi mmoja na sote tukashukuru. Ninacholalamikia ni kwamba madhara yaliyompata mama mlikuwa mnayafahamu, yameandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya dawa yenu wenyewe, na karatasi hiyo hakuwahi kuiona.

Mama anapika vitumbua na kuviuza barazani kwake tangu mimi nikiwa darasa la pili. Katika wiki ya tatu ya kutumia dawa alianza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kisicho na makohozi wala homa, kilichoanza kama mtekenyo kooni na kuzidi usiku, kiasi kwamba ilifika mahali akawa analala ameketi kwenye kiti, mto ukiwa mgongoni, ili apate walau saa mbili za usingizi. Yapo mengine yaliyompata kwa sababu ya kukohoa kwa nguvu namna ile ambayo mama mtu mzima hapendi watoto wake wayajue, nami sitayaandika hapa. Asubuhi alikuwa akiketi mbele ya chuma cha vitumbua na kila baada ya dakika chache anageuka nyuma, amejiziba mdomo kwa upindo wa khanga, huku unga ukiungulia motoni. Wateja waliona. Mmoja alimuuliza waziwazi kama ameshapima TB, na ndani ya wiki mbili wengi wa waliokuwa wakituma watoto na sahani asubuhi waliacha kuwatuma. Sikuwalaumu, maana hata sisi wa nyumbani tulianza kumtengea kikombe chake.

Alipimwa makohozi mara mbili, ingawa kuyapata tu ilikuwa kazi, na mara zote majibu yalisema hana kifua kikuu. Picha ya kifua ilikuwa safi. Alipewa antibiotiki mara tatu, akanywa chupa ambazo sikuzihesabu za dawa ya kikohozi, akaacha maji ya baridi, akabadilisha kuni kwa mkaa. Mara mbili aliacha dawa zote kwa siku chache kwa kuwa alikuwa amechoka kumeza vitu visivyomsaidia, na mojawapo ya siku hizo presha ilipanda hadi 180/110. Hili naomba mlitazame kwa makini, kwa kuwa mgonjwa asiyejua kinachomsumbua hujiamulia mwenyewe, na kwa mtu wa presha uamuzi huo unaweza kuishia kwenye kiharusi.

Alfajiri ya tarehe 17 Novemba aliniamsha akiwa hawezi kutamka jina langu. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba hadi kugusa pua, ulimi umejaa mdomoni, na mate yalikuwa yakimtoka kwa sababu kumeza kulikuwa kumemshinda. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji. Daktari wa zamu, kabla hata ya kumgusa, aliuliza swali ambalo kwa miezi sita hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Mama anameza dawa gani ya presha?" Nilipomwonyesha kadi ya vidonge, alisema enalapril isimezwe tena, leo wala siku nyingine yoyote, na akamweka chini ya uangalizi mpaka usiku, kwa hofu kwamba uvimbe ungeshuka kooni na kuziba njia ya hewa.

Alitueleza kwa lugha tuliyoielewa. Dawa za kundi la enalapril huzuia kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini, ambacho, pamoja na kazi yake ya kupandisha presha, huvunjavunja kemikali ya mwilini iitwayo bradikinini. Kimeng'enya kikizuiwa, bradikinini hujikusanya, na hiyo ndiyo inayodhaniwa kuuchokoza mfumo wa hewa hadi mtu akohoe, na kwa wachache hufanya midomo, ulimi au koo kuvimba. Alisema uvimbe huo unaweza kutokea mtu akiwa ameshatumia dawa kwa miezi au hata miaka. Alisema pia kwamba huwapata watu wenye asili ya Afrika mara kadhaa zaidi ya wengine, na kwamba kikohozi huwasumbua zaidi wanawake. Kampuni inayouza dawa hii Tanzania ilipaswa kuwa ya kwanza kutuambia habari hizo.

Siku iliyofuata nilikwenda duka la dawa tulikokuwa tukinunua na kuomba kuona boksi zima. Lina vidonge 100 katika kadi kumi, na karatasi ya maelezo ni moja tu. Muuzaji hukata kadi kulingana na fedha aliyonayo mteja. Mama alikuwa akinunua kadi moja moja, kwa hiyo karatasi ilibaki bokseni na boksi likatupwa. Niliifungua juu ya kaunta. Imeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, pande zote mbili, kwa herufi ndogo kiasi kwamba mfamasia alivaa miwani ndipo akanisomea. Kikohozi kimewekwa kwenye madhara yanayotokea mara nyingi sana, yaani kwa zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi. Uvimbe wa uso na ulimi upo pia, na agizo la kuacha dawa na kwenda hospitali mara moja. Mama anasoma Kiswahili vizuri, na mistari miwili tu ya Kiswahili nyuma ya kadi ingetosha kumwondolea ile miezi sita.

Nilipiga simu kwenye namba iliyoandikwa kwenye boksi mara nne. Mara ya nne afisa wenu aliniambia kwamba dawa imesajiliwa kihalali na kwamba "maudhi madogo madogo" ni ya kawaida. Hakuuliza namba ya toleo, umri wa mgonjwa, dozi wala lini dalili zilianza. Kuziba kwa koo si maudhi madogo madogo. Mwenye dawa sokoni ana wajibu wa kupokea taarifa ya namna hii na kuifikisha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kwa maneno ya afisa yule sina sababu ya kuamini kwamba taarifa ya mama ilikwenda popote.

Kikohozi kiliisha katika wiki ya tatu baada ya kuacha vidonge vyenu. Sasa anatumia amlodipine. Daktari alimweleza mapema kwamba miguu inaweza kuvimba kidogo kwenye vifundo, na kweli ilivimba. Mama aliitazama, akasema "aliniambia", akaendelea kumeza dawa na kurudi kliniki siku yake ilipofika. Nimeona kwa macho yangu tofauti ya mgonjwa aliyeelezwa na asiyeelezwa, naye ni mtu yule yule.

Ninaomba muweke maelezo ya Kiswahili yanayomfikia kila anayenunua kadi moja, yakitaja kikohozi kikavu na uvimbe wa midomo kwa maneno ya kawaida, na muwaagize wauzaji wenu wa rejareja wasitoe kadi bila maelezo hayo. Ninaomba pia uthibitisho wa maandishi kwamba tukio hili limeripotiwa, na kurejeshewa shilingi 214,000 zilizotumika kwa picha ya kifua na dawa za kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa wa kifua, stakabadhi nimeziambatanisha. Biashara ya mama iliyopotea sijaiwekea bei.

Nitasubiri majibu yenu kwa siku 21. Vidonge sita vilivyobaki kwenye kadi ya mwisho, yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, tumevihifadhi, na tutamkabidhi mkaguzi yeyote atakayevihitaji.

Wenu,
Mtoto wa mgonjwa

Nakala: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)