Binti yangu, ubao wako tutauunda wenyewe

Nairobi, Julai

Binti yangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea, na mama yako pamoja na ndugu zako wanakusalimu sana. Ombi lako la kununuliwa skeitibodi ndefu, ule ubao wa magurudumu wa kusimama na kuteleza, nimelisoma zaidi ya mara moja, na jibu langu ni hili: fedha za ekseli na magurudumu nitatoa, lakini ubao wenyewe tutauunda sisi hapa karakanani Ngong Road utakapofunga shule mwezi wa Agosti, kwa fito za mbao ngumu zilizounganishwa kwa gundi. Usidhani ni ubahili. Sababu zangu zinahusu mbao kuliko zinavyohusu mfuko, nami napenda uzijue kabla hujafika, ili usije ukaniuliza kila kitu huku gundi ikikauka.

Uliandika kwamba ingekuwa rahisi kukata ubao mmoja mpana na kuutia magurudumu. Ni rahisi kweli, ila ubao wa namna hiyo haukai sawa. Mbao hunywa unyevu wa hewa msimu wa mvua na kuutoa msimu wa kiangazi, na kwa kufanya hivyo huvimba na kusinyaa kwa upana wake, si kwa urefu. Tena kusinyaa kunakofuata mzunguko wa pete za mti ni takribani maradufu ya kule kunakoelekea kwenye kiini, na tofauti hiyo ndiyo inayoufanya ubao mpana ujikunje kingo zake na mwishowe upasuke kufuata nyuzi. Tukiupasua kuwa fito, tunaweza kuzigeuza moja moja, pete za huu zikielekea juu na za jirani yake zikielekea chini, hata nguvu za kujikunja zikapingana zenyewe. Zaidi ya hayo, kila ufito unakaguliwa peke yake: wenye fundo, wenye ufa mwembamba, au wenye nyuzi zinazotoka ubavuni badala ya kwenda moja kwa moja hadi mwisho, unawekwa kando. Ndani ya ubao mpana kasoro hizo ungezinunua pamoja na uzuri wake.

Skeitibodi za dukani hufuata njia nyingine. Kwa kawaida ni matabaka 7 membamba ya ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, yakigandamizwa kwa gundi huku baadhi yakilazwa kukingama ili ubao usipasuke kwa urefu. Ubao wetu hautakuwa na tabaka la kukingama, kwa hiyo uimara wake utategemea unene, uteuzi wa fito na ubora wa viungio.

Kuhusu aina ya mbao, nimekwisha kuweka vipande vya mahogani na vya mvule vilivyobaki kwenye kazi za wateja. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, fundi mwenye akili hatupi kipande cha mbao ngumu, na hata baada ya marufuku hayo kutangazwa kuondolewa mwaka 2023 tabia hiyo imetukaa. Vikipungua, nitakwenda kutafuta vingine sokoni Gikomba. Mvule una mambo yake mawili. La kwanza, ndani yake hupatikana mawe, yaani chokaa iliyoganda katikati ya mti, ambayo huharibu meno ya msumeno bila kutoa onyo. La pili, vumbi lake huwasha ngozi na kusumbua kifua, nawe una pumu. Kuupasua na kuupiga msasa nitafanya mimi kabla hujaja, na hilo halina mjadala. Kazi yako itakuwa kwenye mahogani, ingawa hata hapo utafunika pua na mdomo.

Fito zitakuwa 12, kila mmoja wenye urefu wa sentimita 105 na pande za milimita 20, ili zikilala ubavu kwa ubavu zitoe upana wa sentimita 24. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Gundi nyeupe ya mbao haijazi mianya. Inashika pale tu nyuso mbili zinapogusana sawasawa, basi tutazipiga randa mpaka tuzipange mezani bila gundi na tusione mwanga kati yake. Wanafunzi wengi wa useremala huiruka hatua hiyo kwa kuamini kwamba klampu, kile chombo cha kubania mbao, itafunga kilichobaki wazi. Inafunga kweli, lakini kiungio kinabaki kikivutana, na siku moja kinaachia. Kiungio kilichotoshana huwa na nguvu kuliko mbao yenyewe, kiasi kwamba ukikivunja, utaona mbao ndiyo iliyochanika.

Gundi tutaipaka pande zote mbili, nyembamba na bila kuacha pengo, kisha tutakaza klampu moja juu na inayofuata chini ili ubao usibinuke. Matone madogo yakitokeza mfululizo kwenye mstari wa kiungio, hapo ndipo pa kuacha kukaza, kwa sababu ukizidisha unaikamua gundi yote na kuacha kiungio kikiwa kikavu. Asubuhi za Agosti hapa Nairobi zina baridi na gundi hukawia kushika, kwa hiyo tutaungia mchana na kuuacha ubao kwenye klampu hadi mchana wa kesho yake. Nitatumia gundi ya aina inayohimili maji, na juu yake vanishi, lakini hata hivyo ubao huu si wa kuachwa nje kwenye mvua.

Unene ndio unaonifanya nikuandikie mapema hivi. Ugumu wa ubao hubadilika kwa mchemraba wa unene wake, yaani unene mara unene mara unene: ukiupunguza kutoka milimita 18 hadi 16, umeondoa karibu asilimia 30 ya ugumu, japo kwa macho huoni tofauti. Ubao mnene mno utakutikisa meno kwenye lami ya mtaa wetu, na mwembamba mno utabonyea hadi tumbo lake likaribie chini. Kwa hiyo tutauchonga kidogo kidogo na kuupima. Tutauweka juu ya matofali mawili, mahali ekseli zitakapokaa, kisha tutaupakia mabeli ya unga wa ugali. Beli moja la pakiti 12 za kilo 2 ni kilo 24, na mzigo unaoshuka ghafla hubonyeza ubao maradufu ya mzigo uliotulia. Kwa hiyo kama una kilo 48, mabeli 4 ndiyo kipimo chako. Ubao ukilia au mstari wa gundi ukifunguka, hutaupanda.

Ekseli sitajaribu kuziunda. Pini yake ya katikati imeinamishwa na kukalishwa kwenye raba, hata ukiegemea upande mmoja magurudumu yanageuka kuelekea huko huko, na pembe hiyo ikikosewa ubao huyumba kwenye mteremko. Magurudumu yawe ya poliurethani laini, yaani plastiki inayonyumbuka kama raba, ya kipenyo cha milimita 70 hivi. Kabla Mmarekani Frank Nasworthy hajaanza kuuza ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu waliteleza juu ya magurudumu ya udongo au ya chuma, na kokoto moja ilitosha kumwangusha mtu. Beringi ni za namba 608, zenye kipenyo cha milimita 22 kwa nje na 8 kwa ndani, ambazo ni rahisi kupatikana. Tutafunga kwa bolti, washa na nati, wala si skurubu, maana skurubu hupasua nyuzi kama kabari.

Uwanja wa skeitibodi wa Shangilia kule Kangemi tutakwenda ukipenda, ila ujue kwamba mabonde yake ya zege yanafaa zaidi ubao mfupi. Wako ni wa kwenda mbali, nao utaanzia ndani ya mtaa, kofia ngumu ikiwa kichwani, si barabarani penye matatu.

Basi nitumie upesi uzito wako, upimwe kwenye mizani ya zahanati ya shule usije ukakisia, pamoja na nafasi kati ya nyayo zako unaposimama umekunja magoti kidogo. Niambie pia kama unataka ncha za duara au zilizokatwa bapa, kwa kuwa kiolezo cha kadibodi nataka kukikata kabla ya shule kufungwa.

Ni mimi baba yako.