Barua kwa Mwanangu, kutoka Gati ya Nafplio

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi, na bibi yako mbusu mkono kwa niaba yangu. Nakuandikia nimeketi gatini Nafplio, huku Ugiriki, jua linatua. Mbele yangu kuna ngome ndogo juu ya kisiwa cha mawe, Bourtzi, waliyoijenga watu wa Venice mwaka 1473. Leo ni siku ya saba tumo baharini, mimi na wenzangu watano wa kazini, katika chombo cha tanga cha mita 12 tulichokikodi karibu na Athens.

Kisiwani Aegina tulipanda kilimani kuona hekalu la Aphaia, mungu wa kike wa kale, lenye umri wa miaka 2500 hivi. Kisiwani Poros tulilala usiku mmoja tu. Kisiwa cha Hydra ndicho ungekipenda, maana magari hayaruhusiwi. Mizigo hubebwa na punda na nyumbu, na nilipowasikia alfajiri nilidhani niko Lamu.

Kufunga chombo huku ni kazi ya akili. Hukilazi ubavu na gati. Unaangusha nanga mbali, unarudi kinyumenyume mpaka tezi, nyuma ya chombo, ikaribie ukuta, unafunga kamba mbili, kisha unaweka ubao wa kushukia. Bandari ya Hydra ni finyu, vyombo hupangana safu kwa safu, na nanga zinapandana. Asubuhi nanga yetu ilinasa kwenye mnyororo wa jirani. Tukapitisha kamba chini ya mnyororo ule, tukaufunga omoni, mbele ya chombo, tukashusha nanga yetu kidogo ikachomoka, ndipo tukaiachia kamba. Nusu saa ya jasho! Nilikuwa nikiwaza: mwanangu angeelewa hili upesi kuliko sisi sote.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Spetses, kisiwa cha misonobari, ipo nyumba ya Laskarina Bouboulina, na sasa ni makumbusho. Mama huyu alizaliwa mwaka 1771 gerezani Istanbul, baba yake akiwa mfungwa. Aliolewa mara mbili, na waume wote wawili walikuwa watu wa bahari, na bahari iliwachukua wote wawili. Yeye hakuuza vyombo akakaa eda ya maisha. Aliunda merikebu yake, akaiita Agamemnon, mizinga 18. Vita vya uhuru dhidi ya Waturuki vilipoanza mwaka 1821 akaja nayo hapa hapa Nafplio, akaiziba bandari hii ninayoitazama. Mwaka huo huo mwanawe mkubwa aliuawa vitani. Mwenyewe aliuawa mwaka 1825 kwa risasi, tena si ya adui, bali katika ugomvi wa kifamilia. Miaka mingi baadaye Wagiriki walitia sura yake kwenye sarafu ya drakma moja.

Nilitoka pale nikashuka bandari ya zamani, ambako mafundi bado wanaunda vyombo vya mbao. Harufu ya mbao na rangi ilinirudisha kwetu. Nikakumbuka kwamba karibu miaka 2000 iliyopita mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alieleza habari za pwani yetu, akasema mji wa Rhapta uliitwa hivyo kwa ajili ya mashua zake za kushonwa. Ndiyo mitepe hiyo, mama.

Nilikaa juu ya gogo, nikamfikiria bibi yako. Nikiwa mtoto, babu yako alipokwenda Arabuni na boriti za mikoko, nani alibaki na hesabu? Bibi yako ndiye aliyezihesabu boriti korija kwa korija, ishirini ishirini, ndiye aliyejua nani anadaiwa na bei imefika wapi, na aliandika yote katika daftari lake kwa herufi za Kiarabu. Babu yako hakung'oa nanga kabla hajamuuliza. Na sisi sote, mimi wa kwanza, tulisema "jahazi la babu".

Mwezi wa Machi uliponiambia unataka kusomea unahodha, nilikujibu kwamba bahari si mahali pa mtoto wa kike. Neno lile silirudii. Nilisema kwa hofu. Nilimwona babu yako akirudi mara moja na mlingoti uliovunjika, na sikutaka kukungoja wewe gatini kama tulivyomngoja yeye. Hofu hiyo bado ninayo, sikufichi. Lakini sikuwa na haki ya kukuvisha wewe, na nakuomba radhi.

Fomu uliyonitumia nilikuja nayo mkobani, sijui kwa nini. Nimeitia sahihi hapa gatini, nayo imo katika bahasha hii. Tarehe ya mwisho unaijua wewe, basi usichelewe. Na umwombe bibi akufungulie kasha. Daftari lake liko chini ya kanga za zamani, upande wa kushoto. Kaa naye akusomee.

Kesho alfajiri tunatweka tanga kurudi. Upepo utakuwa wa omo.

Baba yako