Mdogo wangu, usijilazimishe kusema haleluya

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeusoma mara nyingi ujumbe ulioniandikia juzi usiku ukimuuguza shemeji: "Nimechoka kuomba, na naogopa kumwambia mtu." Nakujibu hadharani bila kukutaja jina, maana wauguzaji kama wewe ni wengi. Wanakaa ukingoni mwa kitanda, Biblia imefungwa mapajani, simu wameilaza kifudifudi wasione ni nani tena anauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Kuchoka kwako si dhambi.

Wapo watu wema watakaokuambia kwamba mwenye imani halii. Wanakupenda, ila hapo wamekosea. Fungua Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo huanza na kilio zikaishia kwenye sifa. Ile ya 13 inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?", na kabla haijaisha mwenye kulia ameshaanza kuimba. Ya 88 haifiki huko. Hemani Mwezrahi analia mchana na usiku, anauliza kwa nini Mungu anamficha uso wake, na anamalizia gizani. Hakuna shukrani ya kufungia. Hata hivyo kichwa chake kinaikabidhi kwa mwimbishaji, yaani kiongozi wa waimbaji, kwa hiyo ilikusudiwa kuimbwa mbele za watu. Jambo hilo hunitia nguvu kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Mungu aliyeipa sauti ile nafasi katika Neno lake hatashtuka kusikia yako. Mwambie umechoka. Hayo nayo ni maombi. Na siku ambayo hata hilo huliwezi, Warumi 8 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.

Kisha msome Eliya, 1 Wafalme 19. Nabii aliyetoka kuona moto ukishuka mlimani Karmeli sasa ameketi chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji kichwani pake. Akala, akanywa, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili kumwamsha ale, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Wewe umelala saa ngapi wiki hii? Na kama umeanza kutamani kufa kama Eliya, usinifiche. Nipigie hata usiku wa manane, tutafute daktari pamoja. Kwenda kwa daktari si kukosa imani.

Najua linalokuuma zaidi ni huku kukawia. Sitakuahidi siku ya shemeji kupona, sikupewa ahadi hiyo. Lakini Yesu alipopata habari kwamba Lazaro ni mgonjwa, alikaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Alipofika, Lazaro alikuwa kaburini siku 4. Martha akamwambia wazi: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Naye Bwana hakumfukuza kwa neno hilo. Alijua muda si mrefu angemwita Lazaro atoke, na bado akalia machozi pamoja na waliofiwa. Huyo ndiye ninayemtegemea, yeye ambaye baadaye alitoka kaburini mwenyewe. Shemeji akipona, tutamshukuru. Ugonjwa ukiendelea, bado Yesu yuko hai, na neno alilomwambia Martha, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima," linasimama. Siku ambazo huwezi kuliamini, niachie mimi niliamini kwa niaba yako. Ndiyo maana tumepewa kanisa.

Jumamosi nakuja asubuhi. Usipike, chakula nitakuja nacho. Niandikie ratiba ya dawa kwenye karatasi, nitakaa na shemeji mpaka jioni. Wewe nenda kalale chumba cha pili, na simu uniachie mimi niipokee.

Dada yako