Kwa madereva wa njia ya Tunduma na Kasumbalesa: maumivu ya kifua hayangoji kushusha mzigo

Wanangu na wadogo zangu mnaoshika usukani,

Marahaba. Mlinisalimia wengi pale msibani Jumamosi, sikuweza kumwitikia kila mmoja, basi naitikia leo kwa wote. Tumemzika kijana wa miaka 46 aliyekutwa ameinamia usukani, gari limeegeshwa vizuri pembeni, taa za tahadhari zinawaka. Aliwahi kuegesha. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwamba muda aliupata.

Chini ya turubai nilisikia maneno matatu. Mmoja alisema mshipa wa moyo ukiziba tiba ni India, asiye na pesa ya India ajiandae. Wa pili akasema ukishawekewa kile kichuma umepona, unarudi kwenye nyama choma na sigara yako. Wa tatu, rafiki yangu wa miaka mingi, akasema marehemu alikuwa na vidonda vya tumbo tu. Nilinyamaza, msiba si mahali pa kubishana. Lakini nina stenti mbili kifuani mwangu, ndivyo vichuma hivyo, na nisipowaambia ninachokijua nitakuwa nimewadhulumu.

Yangu yalinianzia usiku, nikitoka Tunduma na shaba, sijafika Makambako. Haikuwa kuchomwa kama wengi mnavyodhani. Ilikuwa kama mtu kanikalia kifuani, jasho jembamba linanitoka na baridi ile, mkono wa kushoto mzito, taya linauma kama jino bovu. Nikanywa maziwa. Asubuhi nikaingia zahanati moja ya njiani, nikaambiwa ni tumbo, nikapewa dawa ya tumbo. Nikaendelea na safari. Wanangu, niliuteremka Mlima Kitonga na tani za shaba mgongoni huku moyo wangu unakufa kipande kipande, na utingo kalala pembeni hajui lolote. Ningeweza kumuua yeye na abiria wa basi lolote lililokuwa mbele yangu. Nilifika Dar siku ya pili. Mshipa ulifunguliwa, ila msuli uliokuwa umekwisha kufa haukurudi. Ndiyo sababu mnaniona napumzika mara mbili kabla ya kufika ghorofa ya kwanza.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo tunapochanganya. Mshipa wa moyo una shida za namna mbili, na haraka zake hazifanani.

Ya kwanza ndiyo iliyonipata mimi. Ndani ya mshipa kuna mafuta yaliyojijenga ukutani miaka na miaka. Siku moja utando wake unapasuka, damu inaganda pale pale, njia inafungwa ghafla. Msuli uliokosa damu huanza kufa ndani ya nusu saa hivi. Hospitali yenye mtambo wa kathlabu, yaani wa kuzibulia mishipa ya moyo kwa mrija, hulenga kuufungua mshipa ndani ya dakika 90 tangu mgonjwa afike. Sisi tuko Mafinga, tuko Ruaha Mbuyuni, mtambo uko mbali. Lakini ipo dawa inayoingizwa kwenye mshipa wa mkono kuyeyusha bonge la damu. Faida yake kubwa iko kwenye masaa mawili matatu ya mwanzo, na baada ya masaa kumi na mawili huwa imepungua sana. Baada yake unakimbizwa kwenye mtambo. Kwa hiyo usiulize zahanati ilipo, uliza hospitali kubwa iliyo karibu, na ukifika sema wazi: nina maumivu ya kifua, naomba kipimo cha umeme wa moyo sasa hivi. Kipimo hicho ni cha dakika chache. Kama hujawahi kukatazwa aspirini, tafuna miligramu 300 njiani, itafune kabisa, usiimeze nzima. Na usukani mwachie mtu mwingine. Tajiri akipiga simu kuuliza mzigo, mzigo utamfikia.

Namna ya pili ni ya polepole. Ukivuta turubai au ukipanda kilima kifua kinabana, ukikaa dakika tano kinaachia, na imekuwa hivyo miezi. Hapa njia imekuwa nyembamba, haijafungwa. Mwenye hali hii ana muda wa kwenda kliniki, kupimwa, kuuliza maswali. Nasikitika nikiona familia inauza shamba ndani ya wiki moja kwa hofu, wakati daktari hajawaambia kuwa ni dharura. Utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 5,000 uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa wengi wa namna hii, kukimbilia kuzibua hakukupunguza vifo kuliko kutumia dawa vizuri. Kilichopungua ni maumivu, na maumivu nayo si jambo dogo kwa mtu anayetafuta riziki. Ila aliyebanwa kwenye shina la mshipa mkuu wa kushoto hayumo humo, wala ambaye maumivu yake yameanza kuja hata akiwa amekaa. Huyo wa mwisho ahesabu kuwa yuko kwenye dharura.

Kuhusu kazi yenyewe ya kuzibua, naona mnaiogopa kwa kutoijua. Hakuna kifua kinachopasuliwa na hulazwi usingizi. Nilichomwa ganzi kwenye kifundo cha mkono wa kulia, wakapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa hadi mlangoni mwa moyo. Wanamwaga dawa inayoonekana kwenye eksirei, na kwenye skrini unaona mishipa yako ilivyotawanyika kama mizizi, mahali palipoziba panakatika. Hiyo ni angiografia, ni kipimo tu. Wakiamua kuzibua, wanapitisha waya mwembamba kama uzi, juu ya waya kinafuata kiputo kidogo, kinajazwa, kinayasukuma mafuta ukutani. Kisha inaachwa stenti, wavu mdogo wa chuma unaoishikilia njia isijifunge. Kiputo kikijazwa kifua kinabana kidogo, usishtuke, mwambie daktari. Daktari Andreas Grüntzig aliyeifanya kwa mara ya kwanza, Zurich mwaka 1977, alikuwa akitengeneza viputo vyake jikoni kwake, na mgonjwa wake wa kwanza, kijana wa miaka 38, alikuwa macho muda wote. Stenti zikafuata mwaka 1986. Si uganga mpya. Na huyo wa India mwambieni kuwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko pale Muhimbili, na kazi hii inafanyika hapa hapa.

Kabla hujalala kwenye kile kitanda, taja figo zako kama zina shida, maana ile dawa ya picha hupitia huko. Taja sukari na dawa zake. Na jambo moja sitaona haya kulisema mbele ya wanangu: wengi wenu mnanunua vidonge vya nguvu za kiume pale stendi. Mwambieni daktari. Vidonge hivyo vikikutana na ile dawa ya moyo inayowekwa chini ya ulimi, presha inaweza kuanguka hadi mtu akafa. Aibu ya kulitaja inaisha siku hiyo hiyo.

Wapo watakaoambiwa stenti haifai, wafanyiwe baipasi. Hiyo ndiyo ya kupasua kifua. Wanachukua mshipa wa mguuni au wa ukuta wa kifua na kuuunga ili damu ipite pembeni ya palipoziba, mfano wa barabara ya mchepuo. Mwenye kisukari aliyeziba mishipa mitatu mara nyingi huishi vizuri zaidi kwa njia hii, kwa hiyo akishauriwa asidhani anapewa kazi kubwa kwa sababu anapuuzwa. Mfupa wa kifua unahitaji miezi miwili mitatu kuunga. Muda huo lori halimhusu.

Nirudi kwa aliyesema ukiwekewa chuma umepona. Stenti imefungua sehemu moja. Yaliyotengeneza mafuta, yaani sigara, presha, sukari, lehemu (mafuta ya kwenye damu) na kukaa kutwa nzima, yako pale pale kwenye mishipa mingine. Na chuma chenyewe ni kigeni mwilini, damu inaweza kukigandia. Ndiyo maana unapewa aspirini pamoja na klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, mara nyingi kwa miezi sita hadi mwaka, kisha aspirini inaendelea. Mwenzangu tuliyelala wodi moja aliacha vidonge mwezi wa pili kwa sababu alijisikia mzima na duka la dawa lilikuwa mbali. Stenti ikaziba yote kwa mpigo. Hakufika hospitali. Daktari wa meno akikwambia uviache, mwambie ampigie kwanza daktari wako wa moyo.

Vyangu navibeba kwenye kopo la plastiki na kadi ya stenti nimeiweka nyuma ya leseni, ili atakayenikuta nimeanguka ajue. Ukiwa safarini beba vya wiki mbili zaidi, maana foleni ya mpakani Kasumbalesa mnaijua wenyewe. Na mfundishe utingo wako namna ya kuegesha gari na namba ya kumpigia nani. Aanze wiki hii.

Mzee wenu, niliyeacha usukani.