Kabla hujachukua ule mkopo

Kibirizi, Kigoma
8 Septemba 2025

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, mama bado anasumbuliwa na goti lakini anatembea. Nimepata nafasi ya kukuandikia kwa kuwa ni mbalamwezi, na dagaa huvuliwa kwa taa gizani, basi mitumbwi imepumzika na mwaloni, pale inaposhusha samaki, hakuna dagaa wa kugombea.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unaniuliza uchukue huo mkopo wa milioni nne ufungue stoo ya dagaa na mawese hapo Tabora, au usubiri. Kabla sijakujibu, nikusimulie jambo nililokuficha kwa aibu.

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Nilinunua magunia sita kwa bei ya juu, nusu fedha zangu, nusu za kikundi. Wiki ileile mitumbwi ikashusha dagaa wengi, bei ikaporomoka. Akaja mnunuzi wa Kahama, akanipa bei ambayo ningepoteza kama robo ya mtaji. Nikakataa. Nikamwambia siuzi chini ya nilivyonunua. Mvua zikakolea, na stoo niliyopanga ilikuwa inavuja upande mmoja. Siku nilipofungua gunia la tatu, mkono ulitoka na unyevu na harufu ya ukungu. Dagaa niliowaanika mwenyewe wakang'aa kama sarafu mpya walikuwa wameshikana madonge, rangi ya kahawia. Wote wakaenda kuwa chakula cha kuku. Kulipa fedha za kikundi kulinichukua mwaka mzima.

Nilijua ni mvua tu. Sasa yule mwanangu anayesoma biashara chuoni amekuja likizo na madaftari yake, jioni ananisomea huku nachambua maharage. Akafika kwa wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky, walioandika mwaka 1979 kwamba mtu hapimi faida na hasara kwa jumla ya alichonacho, anapima kuanzia alama aliyojiwekea moyoni. Kupoteza elfu kumi kunauma zaidi kuliko kupata elfu kumi kunavyofurahisha, karibu mara mbili. Na mtu akishajiona yuko kwenye hasara, yuko tayari kubahatisha makubwa mradi arudi pale alipokuwa. Nikaacha maharage. Alama yangu ilikuwa bei niliyonunulia. Soko halikuwa na habari nayo, nilikuwa naijua mimi peke yangu, na kwa ajili yake nikatoa robo tatu niliyobakiwa nayo ili nisipoteze robo moja.

Nakueleza haya kwa sababu, dada, mkopo unakuwekea alama hiyo kila mwezi. Siku ya marejesho ikikaribia, utakataa bei nzuri au utakubali mbaya, na kote kuwili si akili yako inayoamua.

Kuna mwingine, Frank Knight, mchumi aliyeandika mwaka 1921. Huyu ametenganisha bahati inayohesabika na ile isiyohesabika. Mimi nilimwelewa upesi. Mbalamwezi inahesabika: najua siku zipi sitapata mzigo, najipanga. Lakini mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, tarehe tulizijua, ila nani angesema bei itakuwaje siku ya kwanza mitumbwi ikirudi? Sikuwa na mwaka mwingine wa kulinganisha. Knight anasema faida ya mfanyabiashara inatoka hukohuko kusikopimika. Basi usimwamini anayekupigia hesabu ya stoo yako mpaka mwaka wa tatu.

Aliyenifaa zaidi ni mwanamke, Saras Sarasvathy, mtafiti wa ujasiriamali. Aliwachukua wajasiriamali wazoefu 27 wa Marekani, akawapa biashara ya kubuni, akawaomba wafikiri kwa sauti wakati wakiamua. Matokeo aliyaandika mwaka 2001. Wengi wao hawakuanza na lengo kubwa kisha wakatafuta fedha za kulifikia. Walijiuliza: mimi ni nani, najua nini, namjua nani? Kisha wakaweka kile tu ambacho kikipotea hawataanguka. Mfano wake ni wa mpishi: mmoja anaandika orodha kisha anaenda sokoni, mwingine anafungua kabati na kupika kilichopo. Mama zetu walitulea kwa huo upishi wa pili. Migebuka miwili, mawese kidogo, na wageni wanakula.

Sasa fungua kabati lako. Una kibanda cha vitenge karibu na stesheni, kodi umeshalipa. Una wanawake kumi na tano wa kikoba wanaopika kila siku. Unajua nani analipa na nani anakimbia deni. Na huku mwaloni unaye mimi. Stoo haimo, na kwa sasa huihitaji.

Usihangaike pia kutafuta uamuzi ulio bora kuliko yote. Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alionyesha kwamba akili na muda wetu vina mpaka, kwa hiyo tunachukua linalotosha. Alfajiri hapa hakuna anayezunguka mitumbwi yote. Unaangalia miwili au mitatu, unashika dagaa kiganjani, wakiwa wazima na bei inabebeka, unanunua, kwa sababu jua likichomoza wanaanza kuharibika.

Kwa hiyo jibu langu: mkopo uache. Mwezi ukishaingia gizani nitaanika gunia moja kwenye kichanja, si mchangani, na kulipakia kwenye treni pamoja na madumu mawili ya mawese. Nakupa mali kauli, unilipe ukishauza. Wauzie wale kumi na tano kwanza, na uniandikie wananunua kwa kipimo gani, kopo au kilo, na nani amerudi mara ya pili. Wasiporudi, hasara ya hilo gunia tutagawana, naweza kuibeba.

Niambie tu treni ya siku gani inakufaa kupokea mzigo.

Wako akupendaye,
Mama Neema